Mpeni Mkimbiaji wa Kasulu Kiatu Kinachomtosha

Mtu anayetafuta kiatu cha kukimbilia katika masoko ya Kasulu na Kibondo huulizwa mambo mawili: anavaa namba ngapi na ana shilingi ngapi. Yeye naye huuliza moja tu, kiatu ni cha kampuni gani. Hapo mapatano yanaanza. Kiatu kinageuzwa huku na huku, alama ya ubavuni inafutwa vumbi kwa kidole gumba, muuzaji anasema, "Kaka, hii gredi wani, belo tumelifungua leo asubuhi," na mnunuzi analipa na kuondoka bila kupiga hata hatua kumi akiwa amekivaa. Baada ya majuma machache ukucha umekuwa mweusi, kisigino kimechubuka, au maumivu yameanza kwenye ugoko. Lawama zinaangukia mbio zenyewe. Kijana anaambiwa ana miguu dhaifu au mazoezi yamemzidi, na mwaka unaofuata hayumo tena kwenye timu.

Naandika kwa sababu hasara hiyo inazuilika. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama kiatu cha mbio kitamfaa mtu: namna kinavyokaa mguuni, na uhai uliobaki kwenye soli ya kati, ile sponji nene inayomeza kishindo. Jina la kampuni halimo, rangi haimo, na bei imo kwa mbali sana. Yote mawili hupimwa kwa macho, kwa kidole, kwa kipande cha karatasi na kwa mwendo wa dakika chache. Sioni sababu ya kipimo hiki kutojulikana na kila mwalimu wa michezo kuanzia Heru Juu hadi Mabamba.

Tuanze na mahali penyewe. Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ardhi inapanda kuelekea mpaka wa Burundi na kushuka upande wa pili hadi kwenye vinamasi vya Malagarasi. Watu wa huku wamejua mwendo mrefu tangu zamani. Enzi za ukoloni Buha, nchi hii ya Waha, ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa manamba wengi, vijana waliotoka vijijini kwa miguu kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge mbali kabisa na kwao. Leo mtoto wa shule hupanda na kushuka vilima asubuhi na jioni, na haoni kwamba anafanya mazoezi.

Vuka mpaka uone ardhi hii inaweza kutoa nini. Francine Niyonsaba alizaliwa Ruyigi, upande wa Burundi unaopakana na Kibondo. Mwaka 2016 alitwaa fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Kabla yake Vénuste Niyongabo, naye Mrundi, alishinda dhahabu ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996. Kirundi na Kiha vinasikilizana bila mkalimani, vilima ni vilevile, hewa ni ileile. Na kwa Tanzania yenyewe, Alphonce Simbu wa Singida alishinda mbio za marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano hayo. Simbu na Petros wa Ujerumani, aliyeshika nafasi ya pili, walipewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iwatenganishe. Kwa hiyo kipaji si hoja. Hoja ni mangapi yanayomkwamisha kijana wa Kigoma kabla kipaji hicho hakijaonekana, na kiatu ni mojawapo.

Wako watakaosema kwamba mkimbiaji wa Kiafrika hahitaji kiatu. Ni hoja yenye watetezi wasomi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waligundua kwamba waliozoea kukimbia peku hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo cha kutua kwao huwa kidogo kuliko cha wanaotua kwa kisigino wakiwa na viatu. Utafiti ni mzuri na matokeo yake nayaheshimu. Lakini kuugeuza kuwa sababu ya kuwaacha watoto wa Kasulu wakimbie peku ni kutojua Kasulu. Mwaka 2012 watafiti wa Kitanzania walichapisha kazi iliyofanywa katika vijiji vya wilaya hiyo kuhusu funza, wakaonyesha kwamba tatizo lilikuwa kubwa na madhara yake mazito. Mtoto mwenye funza kwenye vidole hatui kwa mbele ya wayo wala kwa kisigino, anachechemea. Ongeza changarawe kali za barabara, vipande vya chupa karibu na vilabu, na visiki vya mashamba yaliyofyekwa, kisha uniambie kama peku ni chaguo au ni ukosefu.

Hata Abebe Bikila, ambaye kila mtu humtaja katika hoja hii, anafaa kusomwa upya. Inasimuliwa kwamba alikimbia peku Roma mwaka 1960 kwa sababu viatu alivyopewa havikumkaa vizuri na vilimchubua. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena na kuvunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2. Katika habari za Bikila sioni somo la kutupa viatu. Naona mwanariadha aliyejua kwamba kiatu kisichotosha ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, na kwamba kinachotosha kinavaliwa.

Sasa mguu wenyewe. Mguu uliokua peku au kwa kandambili haufanani na uliokua ndani ya viatu vilivyofungwa. Vidole hutanuka, sehemu ya mbele hupanuka, misuli ya wayo huwa na nguvu. Nchini India watafiti Rao na Joseph walichunguza watoto 2,300, na matokeo yao ya mwaka 1992 yalionyesha wayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu dhidi ya asilimia 2.8 ya waliokwenda peku. Kwa maneno mengine, mguu wa mtoto wa mkulima mara nyingi ni mguu mzima, wenye afya. Tatizo linaanza unapoutia katika kiatu kilichotengenezwa kwa kalibu ya mguu mwembamba wa mtu wa Ulaya au Marekani aliyevaa viatu tangu alipoanza kutembea. Urefu utakubali, upana utakataa.

Hapa ndipo wanunuzi wetu wanapoumia zaidi. Mtu ana mguu wa namba 41 lakini mpana. Anavaa 41, inambana kwenye kifundo cha kidole kidogo. Badala ya kutafuta 41 pana, anachukua 43. Upana sasa umepatikana, lakini urefu umezidi kwa zaidi ya sentimita moja, maana kila namba ya Ulaya huongeza milimita sita na nusu hivi. Kiatu kinapinda mahali ambapo mguu haupindi, kisigino kinapanda na kushuka, na kila hatua inasaga ngozi. Malengelenge yakitokea anavaa soksi mbili. Tatizo la upana limetibiwa kwa urefu, na dawa imezaa ugonjwa mwingine.

Viatu vipana vipo hata kwenye mitumba, ila watu hawavitambui. Fungua ulimi wa kiatu usome kibandiko. Ukikuta 2E au 4E, kiatu hicho kilitengenezwa kwa mguu mpana. D ni upana wa kawaida wa wanaume, na B ni wa kawaida wa wanawake. Wanawake wenye miguu mipana wasione haya kuvaa kiatu cha kiume cha urefu wao, kwa kuwa tofauti kubwa kati ya viwili hivyo ni upana huo. Kibandiko hichohicho huwa na safu ya namba kadhaa: ya Marekani, ya Uingereza, ya Ulaya, na mara nyingi ya sentimita. Ya sentimita ndiyo ya kuifuata, kwa sababu inazungumzia urefu wa mguu moja kwa moja, wakati namba nyingine hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.

Kupata sentimita zako ni kazi ya karatasi na penseli. Simama juu ya karatasi sakafuni, uzito wako wote ukiwa juu ya mguu, mtu mwingine achore kuuzunguka akiwa ameisimamisha penseli wima. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengi ni kidole gumba na kwa wengine ni cha pili. Pima na sehemu iliyo pana kuliko zote. Fanya kwa miguu yote miwili, maana ni wachache ambao miguu yao inalingana, na mguu mkubwa ndio unaochagua kiatu. Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda na huvimba pia wakati wa kukimbia. Aliyetembea kilomita kadhaa hadi gulioni amefika na mguu ulio tayari kwa kipimo. Asifanye haraka wakati huo.

Karatasi hiyo ikatwe kufuata mchoro na iende sokoni mfukoni. Ukikipenda kiatu, chomoa soli ya ndani, ile nyembamba inayotoka, uweke karatasi juu yake. Karatasi ikizidi ubavuni, kiatu kitabana, hata muuzaji akuapie kwamba kitatanuka. Kitambaa hutanuka kidogo, soli haitanuki. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na ukishaichomoa soli hiyo, iangalie vizuri, kwani ina alama za mguu wa aliyekutangulia. Kama vidole vyake vimechimba pembeni kabisa, kilikuwa kinambana hata yeye.

Baada ya hapo kivae, viwili vyote, na soksi utakazokimbilia, ukaze kamba, kisha utafute mteremko. Jambo hili wauzaji wa mijini wasingelifikiria, kwa sababu maduka yao yana sakafu tambarare, lakini kwetu ndilo kipimo kikuu. Kasulu na Kibondo hakuna mkimbiaji asiyeshuka vilima. Unaposhuka, mguu husukumwa mbele ndani ya kiatu, na kama mbele hakuna nafasi, ukucha hupiga ukuta wa kiatu hatua kwa hatua hadi damu inavilia chini yake. Kimbia mteremko mfupi mara mbili tatu. Vidole vikigusa mbele, kirudishe. Ukipanda, sikiliza kisigino: kikichomoka, jaribu kwanza kupitisha kamba katika tundu la mwisho kabisa, lile ambalo wengi huliacha wazi, ufanye kitanzi kila upande na kupitisha kamba katika kitanzi cha upande wa pili kabla ya kufunga. Kisigino kikitulia, umepata kiatu. Kikiendelea kuchomoka, si chako.

Nimemwona msichana wa sekondari akifanya mazoezi kwenye barabara ya vumbi akiwa na raba za kaka yake, kitambaa kimesokomezwa mbele ili mguu usiogelee. Alikuwa akipanda vizuri, mabega yametulia, pumzi haijamkatika. Aliposhuka alikuwa akijizuia kwa kila hatua, mwili umeegemea nyuma, kama anayeogopa kuanguka. Alikuwa anakwepa maumivu ya vidole. Mwalimu wake alimhimiza aongeze kasi, kwa nia njema kabisa, lakini hakuwahi kumwambia avue viatu ili aangalie miguu yake.

Wazazi nao wana sababu yao ya kununua kiatu kikubwa: mtoto anakua, fedha haipo kila muhula, atakulia humo. Naielewa sababu hiyo na sitaibeza. Kwa kiatu cha shule cha kutembelea, namba moja ya ziada inavumilika. Kwa kiatu cha kukimbilia, zaidi ya nafasi ya kidole gumba ni kumtafutia mtoto jeraha. Afadhali timu ya shule iwe na sanduku la viatu vinavyopokezanwa, anayekua akimwachia anayemfuata, kuliko kila mzazi kununua kiatu cha miaka mitatu ijayo.

Nageukia soli, na hapa mtumba una siri zake. Soli ya kati ya viatu vingi vya mbio ni sponji yenye maelfu ya vitundu vya hewa. Mtu anayekimbia hutua kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwanafunzi wa kilo 50 anakibebesha kiatu kishindo cha kilo 100 hadi 150 kwa hatua moja, na kilomita moja ina takriban hatua elfu moja. Vitundu vile hubanwa, hurudi, hubanwa tena, hadi vinachoka na kubaki vimelala. Ushauri wa kawaida ni kwamba kiatu cha mbio hufikia ukomo kati ya kilomita 500 na 800. Kiatu cha mtumba kinakufikia kikiwa kimeshatumia sehemu ya kilomita hizo, pengine nyingi, pengine zote, na muuzaji aliyekisugua kwa brashi na sabuni hadi kikang'aa hakuweza kuzirudisha. Weupe wa soli hauna habari yoyote ya uhai wake.

Habari hiyo iko ubavuni. Itazame sponji kwa karibu, penye mwanga wa jua. Ikiwa ina mikunjo midogo ya kulala, mingi, hasa chini ya kisigino na chini ya sehemu ya mbele ya wayo, sponji hiyo imechoka. Ibonyeze kwa kidole gumba sehemu hizo mbili, halafu ubonyeze katikati ya kiatu ambako mzigo huwa mdogo. Tofauti ikiwa kubwa, katikati pananepa na kisigino ni kigumu kama ubao, umepata jibu. Weka kiatu juu ya meza au ubao ulionyooka, ukitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa akikanyagia upande huo, na kiatu kitakulazimisha ukanyage kama yeye. Mwisho kigeuze: meno ya soli ya chini yakiwa yameisha hadi sponji inaonekana, usipoteze muda, na ukumbuke tope jekundu la masika kwenye miteremko ya huku.

Kuna kiatu kingine ambacho ni cha hatari zaidi kwa sababu kinaonekana kipya. Soli za baadhi ya viatu, hasa vya zamani, ni za poliyurethani. Nyenzo hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuoza polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Ndiyo maana mtu hununua kiatu kisicho na mkwaruzo, akavaa siku mbili, ya tatu soli ikamomonyoka vipandevipande njiani. Watu husema ni gundi mbovu, lakini fundi viatu akijaribu kubandika anakuta hakuna cha kubandikia. Bonyeza soli ya namna hiyo kwa ukucha kabla ya kulipa. Ikinata, ikitoa unga au ikipasuka, iache hapohapo.

Wengi hutibu soli iliyochoka kwa kukata kipande cha sponji ya godoro na kukitia ndani. Ukisimama nacho dukani unahisi raha. Ukikimbia, uzito wako unakilaza chote mara unapotua, na unabaki juu ya ubao uleule, tena kiatu kimepungua nafasi na kisigino kimenyanyuliwa juu ya pale kilipokuwa kimeshikwa. Kosa hili linatokana na kudhani kwamba ulaini na kumeza kishindo ni jambo moja. Soli nzuri hubonyea kwa kiasi na hurudi upesi. Inayobonyea bila kurudi inamchosha mkimbiaji na kumyumbisha, na kwenye barabara yenye makorongo ya mvua huteguka kifundo cha mguu.

Je, kishindo hicho kina maana kwa afya, au ni maneno ya matangazo? Swali hili lilibishaniwa kwa miaka mingi, na jibu bora ninalolijua lilitoka Luxembourg mwaka 2020. Laurent Malisoux na wenzake waliwagawia wakimbiaji zaidi ya 800 viatu vinavyofanana kwa sura, vingine vikiwa na soli ngumu na vingine laini, bila wao kujua walichopewa, wakawafuatilia kwa miezi sita. Waliopata soli ngumu walikuwa na hatari ya kuumia iliyozidi kwa takriban nusu. Na jambo ambalo wengi wangelidhania kinyume: faida ya soli laini ilionekana zaidi kwa wakimbiaji wepesi wa mwili. Nawaomba walimu wa shule zetu waitazame sentensi hiyo mara mbili. Tumezoea kusema mtoto mwembamba anaweza kukimbia na chochote. Ushahidi unaelekea upande wa pili.

Kuhusu upinde wa wayo, nitapita haraka. Bado kuna wanaomwambia mkimbiaji akanyage maji, aangalie alama sakafuni, kisha achague kiatu kwa umbo la upinde. Jeshi la Marekani lilijaribu utaratibu huo kwa maelfu ya waajiriwa wapya, likiwapa viatu kulingana na umbo la wayo, na majeraha hayakupungua. Benno Nigg, mtaalamu wa Calgary aliyetumia maisha yake kuchunguza viatu, aliandika na wenzake mwaka 2015 kwamba kigezo cha kuaminika zaidi ni raha anayoihisi mkimbiaji mwenyewe akiwa anakimbia. Ni kigezo ambacho kijana wa Kibondo anacho sawasawa na bingwa wa Ulaya, mradi aruhusiwe kukijaribu kiatu kabla ya kulipa.

Vivyo hivyo kwa viatu vya mabingwa vyenye bamba la kaboni. Vijana wameviona miguuni mwa Eliud Kipchoge siku alipokimbia Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, Oktoba 2019, na wanavitamani. Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka ukomo wa unene wa milimita 40 kwa soli za viatu vya barabarani mwaka 2020. Ni viatu vya lami iliyonyooka. Kwenye njia ya kijiji yenye mawe na mteremko, soli nene na laini kiasi hicho humwinua mtu mbali na ardhi anayopaswa kuihisi, na hata mtumba wake huwa umeshakwisha nguvu upesi kuliko kiatu cha kawaida. Kadiri lami ya barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu inavyowafikia watu, vijana watakimbia juu yake zaidi, na lami haisamehi soli iliyokufa kama udongo unavyosamehe. Hilo litaongeza haja ya soli yenye uhai. Haitaongeza haja ya kaboni.

Itaulizwa kwa nini tunazungumzia mitumba wakati nchi ingeweza kutengeneza viatu vyake. Swali ni halali, na historia yake inauma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilijenga Kiwanda cha Viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia chache za uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za bati la alumini bila njia za kutosha za hewa, katika joto la Morogoro. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda ikashikilia, sisi tukalegeza baada ya shinikizo la kibiashara la Marekani. Nchini Kenya nako ilianzishwa kampuni ya viatu vya mbio, Enda, na kiatu chake cha kwanza kikaitwa Iten. Nampongeza yeyote atakayefanya hivyo hapa, na nitamwomba aanze kwa kalibu pana mbele, iliyotokana na miguu ya watu wa vijiji vyetu. Lakini mtoto anayekimbia mwaka huu hawezi kusubiri kiwanda. Atavaa mtumba, na mtumba uliochaguliwa vizuri unamfaa.

Kwa hiyo maombi yangu ni ya mwaka huu. Maofisa michezo wa Kasulu na Kibondo, katika maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, tengeni nusu siku ya kuwafundisha walimu kuchora mguu na kubonyeza soli. Gharama yake ni karatasi. Wauzaji wa mitumba, wekeni ubao wa kusimamia na mruhusuni mteja akimbie hadi mwisho wa kibanda na kurudi. Atakayeondoka na kiatu kinachomtosha atarudi na wenzake. Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam na ughaibuni mnaotuma viatu kwa shule za nyumbani, msitume gunia la namba mchanganyiko. Ombeni kwanza michoro ya miguu yenye urefu na upana kwa sentimita, kisha mtafute viatu vya kuifuata, na vile ambavyo soli zake zimekufa mviache hukohuko.

Na wewe mwalimu wa michezo, kabla ya mazoezi ya jioni hii, waambie wanafunzi wako wavue viatu na soksi. Angalia kucha, angalia visigino, angalia vidole vidogo. Utakayemkuta na ukucha mweusi, usimwongezee mzunguko. Mtafutie kiatu kingine.